Taya linauma, linalia au limekwama: tafuta chanzo kabla ya kung'oa jino

Weka kidole cha shahada mbele ya tundu la sikio, kisha fungua na kufunga mdomo taratibu. Kinachocheza chini ya kidole ndicho kiungo cha taya. Viko viwili, na kwa kuwa taya la chini ni mfupa mmoja, hakuna upande unaokwenda peke yake: cha kulia kikileta shida, cha kushoto hubebeshwa mzigo. Kati ya kichwa cha taya na mfupa wa fuvu kuna kisahani cha gegedu kinachoteleza kila unapofungua mdomo. Kazi ya kufunga hufanywa zaidi na misuli miwili unayoweza kuishika kwa mkono, ule wa shavuni na ule wa panjani. Ng'ata meno huku umeweka viganja usoni, utaisikia ikivimba.

Mtu mwenye maumivu hapa mara nyingi huanzia duka la dawa. Hupewa dawa ya masikio, ikishindwa hupewa amoksilini, mwisho anang'olewa gego ambalo halikuwa na kosa, na maumivu yanabaki palepale. Kwa hiyo mwongozo huu unashika kanuni moja: lisifanyike jambo lisiloweza kurudishwa mpaka chanzo kijulikane. Sehemu kubwa ya matatizo ya kiungo hiki ni ya misuli na kisahani, na hutulia ndani ya wiki au miezi michache kwa kupumzisha taya.

Acha kusoma, nenda hospitali sasa

- Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho jembamba, pumzi kukata au mkono kufa ganzi, hasa ukipanda ngazi au kutembea. Huo unaweza kuwa moyo. Ukibonyeza taya hupati sehemu inayouma.
- Uvimbe wa taya au chini ya kidevu wenye homa, ugumu wa kumeza, mate kuchuruzika au sauti kubadilika. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Usisubiri asubuhi.
- Taya linakaza na shingo au mgongo nao unakaza, zaidi kwa mtu aliyepata jeraha ndani ya wiki tatu zilizopita. Pepopunda huanzia kwenye taya, na jeraha lenyewe linaweza kuwa limeshapona.
- Umeanguka au umepigwa, na sasa meno hayakutani au kidevu kina ganzi.
- Umri umevuka miaka 50, taya linachoka kwa kutafuna, panja zinauma ukizigusa, na macho yanaona ukungu. Hii si ya kawaida, lakini ikikosewa huweza kuleta upofu.

Vipimo vinne vya mbele ya kioo

Kwanza vidole vitatu. Simamisha vidole vyako mwenyewe, shahada, kati na pete, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia, mdomo unafunguka kawaida, takribani milimita 40 au zaidi. Vikiingia viwili tu, kuna kizuizi.

Pili njia ya kidevu. Fungua taratibu ukitazama mwanya wa meno ya mbele ya chini. Ukienda upande kisha ukarudi katikati, kisahani kinateleza na kurudi mahali pake. Ukienda upande na kubaki huko, kiungo cha upande huo kimekwama au msuli wake umekaza.

Tatu bonyeza. Tumia ncha za vidole viwili kwenye nyama ya shavu, kisha panjani, kisha mbele ya sikio. Maumivu yale yale unayoyajua yakiamka shavuni, shida ni msuli. Yakiamka mbele ya sikio, ni kiungo.

Nne gonga meno ya nyuma, moja moja, kwa mpini wa kijiko. Jino linaloruka kwa maumivu lina shida yake lenyewe, na mwenye jino hilo ni mgonjwa wa jino mpaka ithibitike vinginevyo.

Maumivu mbele ya sikio, yanapanda panjani, asubuhi taya zito

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na chanzo cha kwanza ni kubana meno. Meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana isipokuwa wakati wa kutafuna na kumeza, muda ambao kwa siku nzima haufiki hata nusu saa. Midomo ikiwa imefungwa, kati ya meno panatakiwa pabaki mwanya wa milimita mbili hadi nne. Jikague sasa hivi: meno yako yanagusana? Anayekaa saa mbili kwenye foleni ya Mbagala, anayehesabu fedha dukani Kariakoo, anayeandika kwenye kompyuta mchana kutwa, wote huweza kubana bila kujua. Kwa dereva wa bodaboda ongeza mkanda wa helmeti uliokazwa mpaka unasukuma kidevu nyuma.

Chanzo cha pili ni kusaga meno usingizini. Unayelala naye ndiye shahidi mzuri. Dalili nyingine ni ncha za meno zilizolika na kuwa bapa, alama za meno pembeni mwa ulimi, na mstari mweupe ndani ya shavu. Pombe ya usiku, kahawa ya jioni na sigara huongeza hali hii, na baadhi ya dawa za sonona huweza kuianzisha. Ukihisi ni dawa, rudi kwa aliyekuandikia, usiikatize mwenyewe.

Cha tatu ni kazi ya ziada. Muhogo mbichi na nazi kavu vya mtembezaji, miwa, mahindi ya kuchoma yaliyopoa, nyama choma ngumu, korosho, barafu na bigijii ya kutwa nzima. Kila kimoja peke yake si kosa. Shida ni taya lililokwisha kuchoka kupewa kazi hiyo tena, na mtu kutafuna upande mmoja tu kwa sababu upande wa pili una jino bovu au pengo la magego. Huyo asipotibiwa jino, mazoezi yote ya taya ni bure.

Baada ya hapo angalia yale yanayojifanya kiungo cha taya:

- Jino. Linauma zaidi kwa maji baridi au chai ya moto, linapwita usiku, na unaweza kulionyesha kwa kidole.
- Gego la mwisho linaloota vibaya. Ufizi wa nyuma umevimba, kuna harufu, na mdomo haufunguki vizuri. Kawaida ni kwa vijana wa miaka 17 hadi 25.
- Sikio. Vuta sikio juu na nyuma, ukiumia zaidi, shida iko kwenye tundu la sikio. Usaha au homa vinaelekeza hukohuko. Kusikia mlio au kuziba bila usaha kunaweza kabisa kutoka kwenye taya.
- Tezi la mate. Uvimbe unajaa wakati wa kula na kupungua baadaye. Kwa mtoto mwenye homa na mashavu yaliyovimba, fikiria matubwitubwi kwanza.
- Neva ya uso. Maumivu ya sekunde chache, makali mno, yanayoamshwa na kunawa uso, upepo au mswaki. Haya hayatibiwi kwa panado wala kwa kung'oa meno, yana dawa zake hospitalini.

Ikiwa vipimo vinakuelekeza kwenye msuli, anza mpango wa wiki sita ulioelezwa hapo chini. Yasipopungua hata kidogo baada ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa meno.

Taya linalia, lakini haliumi

Liache. Mlio wa "tak" wakati wa kufungua ni kisahani kinachorudi mahali pake, na watu wengi wanao maisha yote bila madhara. Hakuna sababu ya kuvaa kifaa, kuchomwa sindano wala kufanyiwa upasuaji kwa ajili ya sauti peke yake. Usiuchezee kwa kuurudiarudia mbele ya marafiki. Unaanza kuwa na maana ukiambatana na maumivu, au taya likianza kukwama sekunde chache kabla ya kufunguka.

Mlio wa kukwaruza, kama mchanga unaosagwa, ni jambo jingine. Huo ni uso wa kiungo uliolika, na hupatikana zaidi kwa watu wazima na wenye baridi yabisi. Ukiwa na viungo vya vidole vinavyovimba na kukaza asubuhi, mwambie daktari, kwa sababu hapo dawa ni ya mwili mzima.

Mdomo haufunguki

Hapa usikisie. Anza na swali la lini na baada ya nini.

Umeanza siku chache baada ya kuchomwa ganzi ya jino la chini: sindano imegusa msuli wa ndani. Kanda kwa joto, fanya mazoezi mepesi, utafunguka taratibu ndani ya wiki moja hadi tatu. Ukipata homa au uvimbe, rudi kwa aliyekutibu siku hiyohiyo.

Kuna gego la mwisho lililovimba: tibu maambukizi kwanza. Sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, mara nne kwa siku, huku ukielekea kwa daktari wa meno. Maji hayo ni ya kupunguza makali tu.

Taya lilikuwa linalia kwa miezi, siku moja mlio ukapotea na mdomo ukabaki vidole viwili: kisahani kimeteleza mbele na hakirudi. Kidevu huenda upande wenye shida. Usilazimishe kwa vidole wala kwa kijiti cha barafu. Muone daktari ndani ya siku chache, maana kadiri kisahani kinavyokaa huko ndivyo inavyokuwa vigumu kukirudisha kwa mkono. Hata kisiporudi, kwa wengi mdomo hufunguka polepole kwa miezi kadhaa. Wasiopata nafuu huweza kuoshwa kiungo kwa sindano na daktari bingwa.

Taya, shingo au macho yamepinda ghafla baada ya dawa ya kuzuia kutapika aina ya metoklopramidi, au dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli: ni athari ya dawa kwenye mishipa ya fahamu. Inatisha, na nyumbani watu hukimbilia kudhani ni mashetani, lakini hospitalini kuna sindano inayoituliza kwa muda mfupi. Beba pakiti ya dawa uliyomeza.

Umezoea tambuu yenye popoo, au popoo za pakiti, na sasa pilipili inachoma mdomo na mashavu ni magumu na meupe kwa ndani: popoo huweza kukausha nyama za mdomo zikawa kamba, na hali hiyo ni njia ya kuelekea saratani. Acha leo na uende hospitali kupimwa. Mazoezi ya kufungua mdomo kabla ya uchunguzi yatakupotezea muda.

Mdomo haufungi

Umepiga miayo, umecheka sana au umetoka kung'olewa jino, na taya limebaki wazi, kidevu kimetokeza mbele na maneno hayatamkiki. Limeteguka. Kaa wima, shikilia kidevu kwa kiganja au kanga iliyokunjwa, na nenda hospitali yenye daktari wa meno au idara ya dharura mara moja. Misuli huzidi kukaza kila saa inayopita, na kazi ya dakika moja inageuka ya kuhitaji sindano ya usingizi.

Mtu wa mtaani asikupige kibao wala kukuvuta kidevu. Anayejua huvaa glovu, hufunga vidole gumba kwa bandeji, huvilaza nyuma ya magego ya chini, husukuma chini kwanza kisha nyuma. Anayekosea mpangilio huo huweza kuvunja mfupa, na taya likirudi ghafla hung'atwa vidole.

Likisharudi, kwa wiki mbili hadi tatu usifungue mdomo zaidi ya vidole viwili. Miayo ikija, weka ngumi chini ya kidevu. Likiteguka tena na tena, unahitaji daktari bingwa.

Meno hayakutani kama zamani

Baada ya ajali ya bodaboda au kuangukia kidevu, chukulia kwamba shingo ya taya, ile sehemu nyembamba chini ya kichwa cha taya, imevunjika mpaka picha ikatae. Kidonda kidogo cha kidevuni huweza kufunika mivunjiko miwili mbele ya masikio, na mtu hushonwa kidevu akarudishwa nyumbani. Mtoto aliyevunjika hapo asipotibiwa, kiungo huweza kugandamana na taya likaacha kukua sawasawa.

Bila ajali, chanzo chepesi ni kiungo kilichovimba, na hupoa chenyewe. Kinachotakiwa kukuamsha ni uvimbe wa taya unaokua taratibu bila kuuma, meno yakiachana au kulegea. Kutouma kwake kusikufanye utulie. Uvimbe wa namna hiyo hupigwa picha na kukatwa kipande cha kupima.

Mpango wa wiki sita

Kazi kubwa ni kuacha kubana. Midomo imefungwa, meno yameachana, ncha ya ulimi imepumzika nyuma ya meno ya mbele ya juu, pale inapogusa ukitamka "na". Bandika kipande cha stika kwenye usukani, kioo cha simu na mlango wa friji. Kila ukikiona, achanisha meno na ushushe mabega. Hili linaonekana dogo kuliko vidonge, ndiyo maana watu hulidharau, na ndilo linaloponya wengi zaidi.

Chakula kilaini kwa wiki mbili za kwanza: uji, mtori, bokoboko, wali na maharage, samaki wa mchuzi, mayai, parachichi. Ugali ni ruhusa kwa matonge madogo. Chapati ngumu, nyama choma na bigijii hapana. Embe likatwe, lisiumwe zima. Usibaki na uji kwa miezi, maana msuli usiofanya kazi nao hudhoofika. Wiki ya tatu anza kurudisha chakula cha kawaida.

Kanda kwa taulo iliyolowekwa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa siku. Ijaribu kwanza kwenye mkono, ngozi ya uso huungua haraka, na usipake dawa ya kuchua kabla ya kuweka joto. Jeraha jipya la siku mbili za kwanza linataka barafu iliyofungwa kitambaa, dakika 10 kwa mara. Baada ya kukanda, chua shavu kwa miduara midogo dakika mbili, kwa nguvu ya kuhisi bila kuumia.

Zoezi: ncha ya ulimi ikiwa imegusa kaakaa, fungua mdomo taratibu mpaka ulimi unakaribia kuachia, funga. Rudia mara sita kila awamu, awamu sita kwa siku, mbele ya kioo, ukihakikisha kidevu kinashuka katikati. Maumivu yakizidi na kudumu zaidi ya saa moja baada ya zoezi, punguza nusu.

Lala chali au ubavu. Anayelala kifudifudi husukuma taya upande mmoja usiku kucha.

Vidonge

Kwa mtu mzima, paracetamol ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Soma pakiti za dawa za mafua na za mchanganyiko, nyingi zina paracetamol ndani na ndipo watu huzidisha. Ibuprofen miligramu 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku, siku tano hadi saba, husaidia zaidi kiungo kilichovimba. Isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na dawa hizi, wala mjamzito bila daktari. Mwenye presha aulize kwanza. Usichanganye ibuprofen na diklofenaki, ni ndugu wa aina moja. Na ukiwa na homa, weka ibuprofen na diklofenaki pembeni mpaka upimwe: Dar es Salaam imekwisha kupata milipuko ya dengi, ukiwamo wa 2014 na wa 2019, na dawa hizi huongeza hatari ya kutoka damu.

Antibiotiki hazina kazi kwenye msuli wala kisahani.

Wapi pa kwenda, na nini cha kukataa

Anza na daktari wa meno, si daktari wa masikio, isipokuwa sikio lina dalili zake. Kwa Dar es Salaam, hospitali za rufaa za Amana, Temeke na Mwananyamala zina huduma ya kinywa na meno. Kesi nzito hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Mwenye bima achukue barua ya rufaa mapema, aulize pia kama kifaa cha usiku, kile kinachovaliwa kwenye meno wakati wa kulala, kinalipiwa. Andika kabla ya kwenda: lini ilianza, vidole vingapi vinaingia, upande gani, dawa zote unazotumia.

Eksirei ya taya zima huonyesha mfupa na meno. Kisahani haikionyeshi, hicho huonekana kwa MRI, yaani picha ya sumaku, na wengi hawaihitaji. Picha safi haimaanishi kwamba unajifanya kuumwa.

Kataa kwa upole kung'olewa jino lisilo na ugonjwa, kusagwa meno "yakae sawa", au kufungwa waya kwa ajili ya maumivu ya taya peke yake. Omba maoni ya daktari wa pili. Waya zina kazi yake, lakini kuponya kiungo kinachouma siyo hiyo.

Kifaa cha usiku ni kwa anayesaga meno au asiyepata nafuu kwa mpango wa nyumbani. Kizuri ni kigumu, cha akriliki, kinachofunika meno yote ya taya moja, kimetengenezwa kwa vipimo vya mdomo wako na kurekebishwa ukiwa kitini. Vile laini vya kuchemsha na kung'ata ni rahisi, lakini baadhi ya watu huvitafuna na kuzidi kubana. Kinachofunika meno machache tu, kikivaliwa muda mrefu, huhamisha meno. Kivae usiku peke yake, kisafishe kwa mswaki laini na sabuni ya maji, kihifadhi kwenye maji safi ya baridi. Usikisuuze kwa maji ya moto wala kukiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani, kitajikunja, na kilichojikunja hakilazimishwi mdomoni: kirudishe kwa aliyekitengeneza.